Aliacha dawa ili amlinde mtoto: kisa cha mama mmoja wa Nyalenda

Mama wa miaka 28, mchuuzi wa samaki, mkazi wa Nyalenda mjini Kisumu, anafika kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na wiki 17. Hii ni mimba yake ya pili. Anaishi na virusi vya Ukimwi, na kwa miaka minne amekuwa akimeza TLD, ile tembe moja ya kila siku yenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kila alipopimwa wingi wa virusi, majibu yalirudi virusi havionekani. Ungetafuta mteja wa kusifiwa kwenye kituo kile, ungemtaja yeye. Lakini siku hiyo anakiri kwamba kwa wiki 8 zilizopita hajameza hata tembe moja.

Kisa hiki ni cha mfano. Mama huyu si mtu mmoja anayeweza kutafutwa mtaani. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojulikana kutokea, ili tuyachambue bila kumwanika mtu. Dawa, vipimo na matokeo ya utafiti nitakayotaja ni ya kweli.

Alipoulizwa kwa nini aliacha, alijibu: "Sista, nilisikia hii dawa inaharibu mgongo wa mtoto. Nikaona afadhali niugue mimi."

Naomba msomaji asipite haraka hapo. Katika karatasi za kliniki, mama kama huyu huandikwa kuwa ameshindwa kufuata dawa, maneno yanayomweka kapu moja na aliyesahau au aliyechoka. Huyu hakusahau. Alifanya hesabu ya mama: kati ya mwili wake na wa mtoto, akaweka wake rehani. Hesabu ilikosewa kwa sababu namba alizopewa zilikuwa za zamani, na anayetaka kumsaidia lazima aanze na namba hizo. Kumkaripia kungemfanya tu asirudi kliniki.

Ujumbe ulitoka wapi

Alipokosa hedhi mara ya pili alinunua kipimo kwenye duka la dawa, akagundua mimba ina takriban wiki 9. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa wifi yake, anayejua hali yake. Wifi akamtumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliokuwa umezunguka vikundi vingi: Shirika la Afya Duniani limeonya, dawa mpya ya ARV inasababisha watoto kuzaliwa na mgongo wazi, wanawake wenye mimba waiache.

Uzito wa kisa hiki uko hapa, maana ujumbe ule haukuzuliwa. Mwezi Mei 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kweli kuhusu dolutegraviri. Ilitokana na utafiti wa Tsepamo wa Botswana, ambao tangu 2014 ulikuwa ukichunguza watoto wanaozaliwa katika hospitali kubwa 8 za serikali. Botswana ilianza kutumia dolutegraviri mapema, mwaka 2016, kwa hiyo ndiko mimba za kwanza nyingi zilizotungwa mama akiwa tayari kwenye dawa hii zilikoonekana. Kati ya mimba 426 za aina hiyo, watoto 4 walikuwa na kasoro ya mrija wa neva, yaani ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Hiyo ni karibu 9 kwa kila 1,000, wakati kwa dawa nyingine ilikuwa karibu 1 kwa 1,000. Mtafiti gani angeona hayo akanyamaza? Onyo lilistahili kutolewa, na siwalaumu waliolitoa.

Shida ya namba ndogo ni kwamba watoto wawili tu wakiongezeka au kupungua, picha nzima inageuka. Watafiti walijua hilo, wakaendelea kuhesabu. Kufikia 2019 mimba zilikuwa zimefika 1,683, na kasoro zilikuwa 5. Yaani mimba zaidi ya 1,200 zilizoongezwa zilileta kasoro moja tu. Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza dolutegraviri kuwa dawa ya kwanza kwa watu wote, wajawazito na wanaotaka kushika mimba wakiwemo. Kufikia 2022 mimba zilipita 9,400 na kasoro zilikuwa 10, takriban 1 kwa kila 1,000, sawa kabisa na wanawake waliokuwa wakitumia ARV nyingine. Ile tofauti ya mwanzo iliyeyuka.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuleta dolutegraviri ya bei nafuu, mwaka 2017. Baada ya onyo la 2018, wanawake wa umri wa kuzaa waliwekewa masharti ya kupata dawa hiyo. Wengi wakabaki na efavirenzi, ARV ya zamani zaidi, huku wanaume wakihamishwa. Mwezi Julai 2018 wanawake Waafrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali wakasema wazi kwamba kuzuiwa wote kwa jumla si kulindwa, na kwamba wapewe taarifa kamili wachague wenyewe. Mimi nawaunga mkono hadi leo. Masharti yale yaliacha mabaki tunayokutana nayo kliniki: mwanamke aliyeambiwa 2018 kwamba dawa hii haimfai, kisha miaka michache baadaye akapewa dawa hiyo hiyo bila mtu kuketi naye amweleze kilichobadilika, ana kila haki ya kutoamini. Onyo lilitangazwa redioni na kupigiwa mbiu. Kuondolewa kwake kuliandikwa kwenye waraka. Ujumbe wa sauti wa wifi ulikuwa ukiishi katika nafasi hiyo tupu.

Wala si mara ya kwanza. Efavirenzi yenyewe, ile iliyokimbiliwa kama dawa salama mwaka 2018, ilikuwa imeogopwa kwa miaka mingi kwa sababu ya matokeo ya nyani wa maabara, hadi data za wanawake zilipokusanywa na Shirika la Afya Duniani likairuhusu katika miezi ya kwanza ya mimba mwaka 2012. Wajawazito huachwa nje ya majaribio mengi ya dawa kwa nia ya kuwalinda, kisha dawa ikifika mtaani wanakuwa ndio wa mwisho kujua kama inawafaa. Ni desturi mbaya.

Wiki ya 9 ilikuwa imechelewa

Tuseme sasa kwamba hofu ya 2018 ingekuwa kweli. Je, kuacha dawa wiki ya 9 kungemsaidia mtoto?

Mrija wa neva hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo kwa hesabu ya kliniki hiyo ni kama wiki ya 6. Mama huyu aliacha dawa mgongo wa mtoto ukiwa umeshafunga wiki tatu nyuma. Hata kama dawa ingekuwa na madhara yale, wakati wa kuyazuia ulikuwa umepita. Aliachia kinga yake yote kulinda mlango uliokuwa umekwisha fungwa.

Nimeona maelezo mengi ya usalama wa dawa katika mimba yakiruka hatua hii, nayo ndiyo inayogusa uamuzi wenyewe. Mwanamke anapogundua mimba, swali lake si la jumla. Anauliza: nikiacha leo, ninazuia nini? Kwa TLD katika wiki ya 9 jibu ni kwamba hazuii chochote, na anafungua njia ya hatari nyingine.

Anayetaka kweli kulinda mgongo wa mtoto, silaha yake ni asidi ya foliki, na inafanya kazi kabla mimba haijatungwa na katika wiki zile chache za mwanzo. Kenya imelazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani kuongezwa virutubisho, foliki ikiwemo, tangu 2012. Lakini nyumba nyingi za Nyalenda, Manyatta na Obunga hununua mahindi wakasaga kwenye posho mill, na unga huo hauongezwi kitu. Mama anayefika kliniki wiki ya 17 hupewa tembe za chuma na foliki, na ni vizuri kwa damu yake, ila kwa mrija wa neva zimefika baada ya kazi. Laiti nguvu iliyotumika kusambaza ule ujumbe wa sauti ingetumika kumwambia kila msichana anayepanga kuzaa aanze foliki mapema.

Kilichotokea wiki zile 8

Siku hiyo ya wiki ya 17 alipimwa. Majibu yalirudi na nakala za virusi zaidi ya 40,000 kwa kila mililita ya damu. Kutoka kutoonekana hadi hapo.

Bila dawa yoyote, mama mwenye virusi huweza kumwambukiza mtoto katika mimba, kuzaa na kunyonyesha kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45. Akiwa kwenye dawa tangu kabla ya mimba na virusi vimezimwa hadi kujifungua, uwezekano wa kuambukiza tumboni au wakati wa kuzaa ni chini ya mtoto 1 kwa 100. Mizani iliyopaswa kuwekwa mbele ya mama huyu wiki ya 9 ilikuwa hiyo. Upande mmoja kasoro isiyoongezwa na dawa. Upande wa pili maambukizi yanayoongezeka kila wiki virusi vinapopanda. Katika kaunti ambako uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 17.5 ya watu wazima wana virusi, karibu 1 kati ya 6, ujumbe mmoja wa sauti haumgusi mama mmoja tu.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Tenofoviri na lamivudini hupigana pia na virusi vya homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye virusi vyote viwili akiacha TLD ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya. Kwa bahati kipimo cha mama huyu kilikuwa hasi. Lakini hakuna aliyemwambia kabla, na hakuweza kuhesabu hatari asiyoijua.

Timu ya kituo ilifanya jambo la maana siku hiyo: ilimrudishia TLD papo hapo, bila kusubiri majibu ya virusi. Mama mshauri, naye mwanamke anayeishi na virusi na aliyezaa watoto wasio navyo, aliketi naye. Alimwonyesha hesabu ile ya Botswana kwa lugha ya kawaida: mwanzo watoto 4 kati ya mia nne na kitu, baadaye 10 kati ya elfu tisa na kitu. Akamwambia na hili: kuna sajili ya kimataifa ya wajawazito wanaotumia ARV inayokusanya taarifa tangu 1989, na kwa tenofoviri na lamivudini imeona maelfu ya mimba zilizokuwa kwenye dawa tangu mwanzo bila kuona ongezeko la kasoro. Mama akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo zile wiki 9 nilimeza, sijamuumiza?" Hapana, mama, hujamuumiza.

Nadhani kuulizwa na kujibiwa swali hilo kulikuwa na nguvu kuliko mawaidha yote. Kwa wiki 8 alikuwa amebeba hatia mbili, ya kumeza na ya kuacha.

Je, angebadilishiwa dawa? Wapo ambao wangeshawishika kumtafutia "isiyo na maneno". Ningepinga. Dolutegraviri huteremsha virusi haraka kuliko efavirenzi, na kwa mama aliyebakiwa na miezi mitano kasi ndiyo kila kitu. Katika jaribio la DolPHIN-2 lililofanywa Uganda na Afrika Kusini, wanawake walioanza dawa mimba imekwisha kukua, asilimia 74 ya waliotumia dolutegraviri walijifungua virusi vikiwa chini ya nakala 50, dhidi ya 43 ya waliotumia efavirenzi. Zaidi ya hapo, ni dawa ambayo virusi huona taabu kuizoea, jambo la kuthaminiwa kwa mtu aliyeikatiza.

Virusi vikakataa kushuka

Kisa kingeishia hapo kama mambo yangekwenda yalivyotarajiwa. Wiki ya 29 alipimwa tena, baada ya miezi karibu mitatu ya kumeza kila siku. Majibu: nakala 2,300. Zimeshuka sana, lakini kwa dolutegraviri zilipaswa kuwa zimekwisha kitambo.

Hapa ndipo kituo kilipoteleza. Kwenye faili kuliandikwa kwamba mteja huenda hamezi, na akapangiwa vikao vya ushauri kuhusu umuhimu wa dawa. Alihudhuria, akasikiliza, akaitikia. Alikuwa anameza kila siku bila kukosa. Mama mshauri ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: "Unameza saa ngapi, na unameza na nini?"

Jibu lilieleza kila kitu. TLD ilikuwa ikimnyima usingizi, kama inavyofanya kwa baadhi ya watu, kwa hiyo alishauriwa kuihamishia asubuhi. Ushauri sahihi. Anaamka saa kumi alfajiri ili awahi ufuo wa Dunga mashua zikirudi, na hutia kitu tumboni saa nne asubuhi, chai na mandazi. Alipoanza kliniki alipewa dawa za damu, yaani zile tembe za chuma na foliki, akaambiwa ameze kila siku asubuhi. Ushauri wa kawaida. Naye, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akaweka tembe zote mbili pamoja, akameza kwa maji tumbo likiwa tupu. Mimba ilipokua kiungulia kikaanza, akanunua zile tembe nyeupe za kutafuna, akawa anatafuna moja kabla ya kutoka nyumbani.

Dolutegraviri hujishika na madini ya chuma, kalsiamu, magnesiamu na alumini tumboni. Ikishikana nayo haipenyi vizuri kuingia kwenye damu, inapita na kutoka. Tumbo likiwa tupu athari ni kubwa zaidi. Mama huyu alikuwa anameza dawa kamili na kupata nusunusu, kwa ushauri wa watu watatu tofauti ambao kila mmoja alisema jambo sahihi peke yake.

Kinachotakiwa kinaeleweka. TLD na dawa za damu au kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja kwa wakati mmoja iwapo ni pamoja na chakula. Kama ni tumbo tupu, TLD itangulie saa 2 kabla, au ifuate saa 6 baada. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazina ruhusa ya chakula: wakati wote TLD iwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Kwa mama huyu walipanga hivi: TLD peke yake alfajiri anapoamka, dawa za damu saa nane mchana na chakula, kwa maji na si kwa chai kwa kuwa chai hupunguza chuma kinachoingia mwilini, dawa ya kiungulia, ikibidi, usiku kabla ya kulala saa tatu. Hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa. Dozi ya TLD ilibaki ile ile, kwa sababu ingawa kiasi cha dolutegraviri kwenye damu hushuka kidogo mimba inapokuwa kubwa, tembe moja kwa siku bado hutosha.

Wiki ya 34 virusi vilikuwa chini ya nakala 50.

Nasisitiza sehemu hii kwa sababu karibu kila mjawazito anayetumia TLD Kenya hupewa pia tembe za chuma, mara nyingi katika jengo moja siku ile ile, na kiungulia humpata mjamzito wa kila aina. Swali la saa na chakula linachukua dakika moja. Kwenye dirisha la dawa, mfuko mmoja ungeandikwa "alfajiri" na mwingine "mchana na chakula", basi.

Dawa nyingine za virusi

Wifi aliposikia hayo aliuliza kama basi dawa zote za virusi ni salama kwa mjamzito. La, na ni vizuri alivyouliza. Asikloviri, inayotolewa kwa malengelenge ya sehemu za siri na tetekuwanga, imetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi bila kuonyesha ongezeko la kasoro, na oseltamiviri hupendekezwa kwa mjamzito mwenye mafua makali ya influenza kwa kuwa ugonjwa wenyewe humwelemea. Ribavirini ni kinyume: haipaswi kabisa kutumiwa katika mimba, na hata baada ya kuiacha mwanamke hukingwa asishike mimba kwa miezi kadhaa. Jina "dawa ya virusi" halisemi chochote kuhusu usalama. Kila dawa ina historia yake, na anayejua historia hiyo ni wa kuulizwa kabla ya kuacha, siku ile ile ya kuingiwa na hofu, kwa simu ikibidi.

Mama alijifungua kwa njia ya kawaida wiki ya 39, mtoto wa kike, mgongo mzima. Mtoto alianzishiwa zidovudini na neviropini za maji, ARV za kumkinga asiambukizwe, kwa wiki 6, kisha neviropini ikaendelea, na ananyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Kipimo chake cha wiki 6 kilirudi hasi. Cha miezi 6 na cha miezi 12 viko mbele, na mama atapimwa wingi wa virusi kila miezi 6 muda wote wa kunyonyesha. TLD yake bado anaimeza alfajiri, kabla ya kwenda Dunga.